Fundi Viatu, Mtawa na Mungu: Swali la Kazi katika Strasbourg ya Karne ya 14

Mafundi wa miji ya Ujerumani ya Zama za Kati waliishi na swali moja la dini ambalo wanateolojia wa vyuo vikuu waliliandikia sana bila kulazimika kulibeba mabegani. Mtu anayeshinda kutwa nzima akishona viatu, akikanda unga au akisokota uzi, anampata Mungu saa ngapi? Mafundisho yaliyozoeleka yalikuwa kwamba njia ya uhakika kuliko zote ya kwenda mbinguni ni kuingia utawani, kuacha mali, ndoa na shughuli za dunia. Fundi alikuwa na mke, watoto, madeni, wanagenzi wa kulisha na kodi ya kulipa. Kama mafundisho hayo yalikuwa kweli kamili, basi sehemu kubwa ya Wakristo walikuwa Wakristo wa daraja la pili kwa sababu tu walihitaji kula.

Swali hilo lilijibiwa kwa namna kadhaa kati ya mwaka 1250 na 1360, na jibu lenye ujasiri zaidi lilisikika katika mimbari za Strasbourg. Mji huu ulio kwenye bonde la mto Rhine leo uko Ufaransa, lakini wakati ule ulikuwa mji wa Dola Takatifu la Kirumi na lugha ya mitaani ilikuwa Kijerumani. Mwaka 1262 wenyeji walimshinda askofu wao katika mapigano ya Hausbergen, na tangu hapo mji ukajitawala. Mwaka 1332, baada ya ugomvi wa damu kati ya koo mbili za wakubwa, Zorn na Müllenheim, vyama vya mafundi vilipata viti katika baraza la mji. Kwa hiyo wachinjaji, waoka mikate na washona viatu wa Strasbourg hawakuwa watu wa kunyamaza. Walikuwa na sauti katika utawala, na waliosimama kuwahubiria walilijua hilo.

Karakana ilikuwa sehemu ya chini ya nyumba, ikitazama barabara. Familia ililala juu yake. Mwanagenzi alikula meza moja na fundi mkuu na kulala chini ya paa lake. Siku ya kazi ilifuata jua, kwa hiyo ilikuwa ndefu wakati wa kiangazi na fupi wakati wa baridi, na fani nyingi zilikataza kazi ya usiku, kwa kuwa mwanga wa mshumaa huzaa kazi mbovu. Kengele za kanisa ndizo zilizoigawa siku. Kanisa kuu lilipata saa yake ya kwanza ya mitambo kati ya 1352 na 1354, yenye sanamu za wafalme watatu wakimsujudia Bikira Maria. Kabla ya hapo fundi wa Strasbourg alijua saa kwa sikio.

Kanisa pia ndilo lililoamua ni siku zipi za kutofanya kazi. Jumapili zikijumlishwa na sikukuu za watakatifu, siku zilizokatazwa kazi zilikaribia mia kwa mwaka. Kwa fundi mwenye karakana yake huo ulikuwa wakati wa kupumzika na kunywa na wenzake. Kwa kibarua aliyelipwa kwa siku, kila mtakatifu alikuja na ujira uliokatwa. Wanaosema kwamba watu wa zamani walifurahia sikukuu nyingi wanamsahau huyu.

Chama cha mafundi nacho kilikuwa cha dini kama kilivyokuwa cha biashara. Kilikagua ubora wa bidhaa na kuweka masharti ya kumpokea mwanagenzi, lakini pia kilitunza altare kanisani, kilichangia mishumaa na kuwazika wanachama wake kwa misa. Washona viatu walikuwa na wasimamizi wao mbinguni, watakatifu Krispino na Krispiniani, ambao kwa mapokeo walikuwa mafundi wa fani hiyo hiyo. Aliyevunja kanuni mara nyingi alitozwa faini ya nta, ratili moja au mbili, ambayo iliishia kuwaka mbele ya altare. Maisha, basi, yalikwisha kuchanganya kazi na ibada siku nyingi. Kilichokosekana ni fundisho la kueleza mchanganyiko huo ulimaanisha nini.

Fundisho lililokuwapo lilisimama juu ya masimulizi mawili ya Biblia. La kwanza ni la Adamu, aliyehukumiwa kula chakula kwa jasho la uso wake. Hapo kazi ni adhabu. La pili ni la nyumba ya Martha na Mariamu katika Injili ya Luka. Martha anahangaika na shughuli za kumhudumia mgeni, Mariamu ameketi miguuni pa Yesu akimsikiliza, na Yesu anasema kwamba Mariamu amechagua fungu lililo jema. Kwa karne nyingi wafafanuzi walimwona Mariamu kuwa mfano wa maisha ya taamuli, yaani ya mtawa, na Martha kuwa mfano wa maisha ya shughuli. Mshindi alikuwa anajulikana kabla ya kesi kusikilizwa.

Thoma wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, aliliweka jambo hilo katika mpangilio wake wa kawaida. Maisha ya taamuli, kwa asili yake, ni bora kuliko maisha ya shughuli, ingawa mahitaji ya wakati fulani yanaweza kumlazimu mtu kuchagua shughuli. Kazi ya mikono ina faida nne: kumpatia mtu riziki, kumwepusha na uvivu, kuzitiisha tamaa za mwili, na kumpa kitu cha kutolea sadaka. Mwenye riziki kutoka kwingine hawajibiki kufanya kazi ya mikono. Hoja hiyo haina kosa la mantiki, lakini ndani yake kazi ni chombo tu. Kiatu chenyewe, na ustadi wa kukishona, havimhusu Mungu.

Berthold wa Regensburg, mtawa wa Kifransisko aliyefariki mwaka 1272, aliliona jambo kwa jicho la mtu aliyezunguka masokoni. Mara nyingi alihubiri nje, kwa sababu umati haukutosha kanisani. Katika hotuba yake mashuhuri aliwagawa Wakristo katika makundi kumi, kwa mfano wa majeshi kumi ya malaika, ambalo la kumi liliasi na kuanguka. Makundi matatu ya juu ni ya mapadri, watawa na watawala. Sita yanayofuata ni ya watu wa kazi: wanaotengeneza nguo na viatu, wanaotumia zana za chuma, kama wahunzi, masonara na waashi, wafanyabiashara, wauzaji wa vyakula na vinywaji, wakulima, na waganga. Kundi la kumi, lililoanguka, Berthold aliwapa wapiga ngoma na wachekeshaji, hukumu ambayo leo inaonekana ya kionevu kabisa.

Uzito wa hotuba hiyo uko katika mambo madogo. Berthold anamjua fundi viatu anayeikausha soli kwa moto ili ionekane nene na ngumu, kisha mteja atembee nayo wiki moja tu. Anamjua mwoka mikate anayeumua unga kupita kiasi, mteja akadhani amenunua mkate kumbe amenunua hewa. Anamjua mhunzi ambaye kiatu cha farasi wake hakimalizi safari, na mwashi anayezembea ili kazi ya siku chache izae ujira wa siku nyingi. Kwake yeye kila fani ni wadhifa uliotolewa na Mungu kwa ajili ya watu wengine. Anayemlaghai mteja amemlaghai aliyempa wadhifa huo. Ngazi bado ipo, na fundi bado yuko chini ya mtawa. Lakini swali limehama. Fundi haulizwi tena kwa nini hakuwa mtawa, anaulizwa soli ya kiatu chake ikoje.

Si wote walioridhika na jibu hilo. Strasbourg ilikuwa na makumi ya nyumba za Wabegini, wanawake walioishi pamoja kwa sala bila kuweka nadhiri za utawa. Walijitegemea kwa kusokota, kufuma, kuuguza wagonjwa na kuwahudumia wafu. Walikuwa wamepata njia ya katikati, na njia ya katikati iliwatia wakubwa wasiwasi. Mtaguso wa Vienne wa 1311 hadi 1312 uliwalaumu, na mwaka 1317 Askofu Johann wa Strasbourg alianza kuwachukulia hatua waliodhaniwa kuwa na mafundisho potofu.

Wengine waliondoka kabisa katika kazi. Rulman Merswin, mfanyabiashara na mkopeshaji fedha aliyezaliwa mwaka 1307, aliacha biashara mwaka 1347 akiwa bado na nguvu zake, akaishi maisha ya toba pamoja na mkewe. Mwaka 1367 alinunua monasteri iliyochakaa kwenye kisiwa kilichoitwa Grüner Wörth, akaifanya makao ya watu wa sala, na baadaye akaikabidhi kwa shirika la Mtakatifu Yohane. Mfano wake ulisifiwa sana. Hata hivyo yafaa kukumbuka kwamba Merswin aliacha kazi kwa sababu alikuwa na akiba ya kuachia. Mshona viatu akiacha kazi, anakuwa ombaomba, na mkewe na watoto wanakuwa ombaomba pamoja naye.

Aliyelipindua swali zima ni Meister Eckhart, Mdominiko kutoka Thuringia, aliyeishi Strasbourg kwa takriban miaka kumi kuanzia mwaka 1313 hivi, akiwahudumia zaidi watawa wa kike na pengine Wabegini. Akiwa mkuu wa nyumba ya shirika huko Erfurt, mwishoni mwa karne ya 13, alikwisha kuwafundisha vijana wake kwamba anayempata Mungu kweli humpata barabarani na katikati ya watu sawasawa na kanisani. Mtu aliyezama katika njozi kama ya Mtume Paulo, alisema, akijua kuna mgonjwa anayehitaji supu, ni bora aiache njozi akamhudumie mgonjwa. Na akaongeza kanuni iliyobeba fikra zake zote kuhusu kazi: matendo hayamtakasi mtu, mtu ndiye anayeyatakasa matendo.

Katika hotuba juu ya Martha na Mariamu, Eckhart anageuza hukumu ya karne nyingi. Martha ndiye aliyekomaa. Ameishi vya kutosha, anaweza kusimama katikati ya shughuli bila shughuli kumteka. Mariamu ni mwanafunzi ambaye bado yuko darasani, na Martha anamwombea aamke kwa kuwa anaogopa asije akanogewa na utamu wa kusikiliza akashindwa kusonga mbele. Maneno ya Yesu kuhusu fungu jema yanakuwa, katika ufafanuzi huu, ahadi ya kumtuliza Martha: huyu mdogo naye atafika ulipofika wewe. Kama usomaji wa andiko, ni vigumu kuutetea, kwa maana Luka hasemi hivyo. Kama falsafa ya maisha, haikuwa imesikika hivyo kabla yake. Mwaka 1329 Papa Yohane XXII alilaani vifungu kadhaa vya mafundisho ya Eckhart, mwenyewe akiwa amekwisha kufariki, lakini vilikuwa vya mambo mengine, Martha hakushtakiwa.

Johannes Tauler alizaliwa Strasbourg yapata mwaka 1300, mtoto wa familia ya mjini yenye uwezo, akaingia shirika la Wadominiko hapo hapo. Alihubiri kwa lugha ya watu, bila makali ya kifalsafa ya Eckhart, na ndiye aliyelishusha fundisho hilo mpaka kwenye benchi la fundi. Akifafanua maneno ya Paulo kuhusu karama mbalimbali na Roho mmoja, alisema kwamba kusokota uzi ni karama, kushona viatu ni karama, na kila ustadi, hata mdogo, ni neema ya Roho Mtakatifu. Yeye mwenyewe, kama asingekuwa padri, angeona fahari kujua kushona viatu, angejitahidi avishone vizuri kuliko wote, na angefurahi kupata mkate kwa mikono yake. Alieleza pia habari za mkulima mmoja, rafiki mkubwa wa Mungu, aliyelima zaidi ya miaka arobaini. Mkulima huyo alimuuliza Bwana kama aache jembe akaketi kanisani, akajibiwa hapana, aendelee kula kwa jasho lake. Jasho la Adamu, lililokuwa adhabu, hapo limekuwa heshima.

Kuhusu Martha, Tauler ni mwangalifu kuliko Eckhart. Hasemi kwamba Martha alimpita Mariamu. Anasema Yesu hakumkemea kwa kazi yake, ambayo ilikuwa njema na takatifu; alimkemea kwa wasiwasi wake. Fundi anayefanya kazi huku moyo umetawanyika kwa hofu ya hasara na tamaa ya sifa, huyo ndiye amepotea, na mtawa mwenye moyo wa namna hiyo amepotea vilevile.

Kulikuwa na sababu ya wakati kwa nini maneno hayo yalipokewa. Tangu miaka ya 1320 Papa na Kaizari Ludwig wa Bavaria walikuwa katika ugomvi, na miji iliyosimama na Kaizari ilipigwa marufuku ya ibada: misa isiimbwe hadharani, kengele zisipigwe, wengine wafe bila maziko ya Kanisa. Mwaka 1338 na 1339 mgogoro ulifika kilele mjini Strasbourg, baraza likawaambia makleri waimbe misa au waondoke. Wadominiko walichagua kumtii Papa, na Tauler akaishi Basel kwa miaka kadhaa. Mtu ambaye altare yake imefungwa kwa sababu ya siasa za wakubwa ana haja kubwa ya kusikia kwamba Mungu anapatikana pia karakanani.

Lakini fundisho hili lilikuwa na pengo, na pengo lilionekana mwaka 1349. Heshima ya kazi haikuwafikia wote. Mnyongaji na mchuna mizoga walihesabiwa kuwa watu wasio na heshima, na watoto wao kwa kawaida hawakupokelewa katika vyama. Wayahudi hawakuruhusiwa katika vyama kabisa; walibanwa wabaki katika ukopeshaji, kisha wakachukiwa kwa sababu ya ukopeshaji huo huo. Tauni ilipokaribia, uvumi ulienea kwamba Wayahudi wametia sumu visimani. Viongozi wa Strasbourg walikataa kuwaadhibu bila ushahidi. Vyama vya mafundi, wachinjaji wakiwa mstari wa mbele, viliwaangusha viongozi hao mapema mwezi Februari, na tarehe 14 Februari 1349 Wayahudi wa mji walichomwa moto katika makaburi yao wenyewe. Wanahistoria wa wakati ule walitaja watu 2,000. Idadi kamili inajadiliwa hadi leo. Tauni ilikuwa haijafika mjini. Ilifika miezi michache baadaye.

Madeni yote yaliyodaiwa na Wayahudi yalifutwa, na fedha zao taslimu zikagawiwa mafundi. Jakob Twinger wa Königshofen, aliyeandika historia ya mji baadaye katika karne hiyo, hakuficha kwamba fedha ndizo zilizowaua. Anaeleza pia kwamba baadhi ya mafundi, kwa ushauri wa mapadri wao wa kitubio, walitoa fungu lao kwa kanisa kuu. Jambo hilo linastahili kutazamwa kwa utulivu kuliko masimulizi ya moto. Mapadri walijua kwamba fedha zile zina doa. Walilolishughulikia ni dhamiri ya aliyezipokea. Hatua ya kuuliza walioibiwa walikuwa akina nani haikupigwa.

Hapo ndipo kanuni ya Eckhart inapopungukiwa. Ikiwa mtu ndiye anayeitakasa kazi, basi kila kitu kinategemea hali ya moyo, na moyo hauna mkaguzi. Mchinjaji wa Strasbourg angeweza kusikiliza hotuba juu ya karama za Roho, akarudi nyumbani ametulia, akapokea mgao wake. Berthold, pamoja na ukali wake wote, alikuwa na swali ambalo haliwezi kujibiwa kwa utulivu wa moyo: kazi yako imemfanyia nini aliye upande wa pili wa meza? Si kwamba Berthold alikuwa mtetezi wa Wayahudi. Mahubiri yake yana maneno makali dhidi yao, na upande wa pili wa meza yake aliketi mteja Mkristo tu. Hata hivyo kipimo chake kingeweza kupanuliwa, kwa kuwa kilipima kitu kinachoonekana, yaani soli, mkate, ujira. Fundisho la heshima ya kazi linahitaji nusu zote mbili. Tauler alimwondolea fundi aibu ya kutokuwa mtawa, na hiyo ni kazi kubwa. Hakumpa kipimo cha haki cha kuikagua kazi hiyo.

Tauler alifariki mwaka 1361, na hotuba zake zilinakiliwa kwa mkono kwa zaidi ya karne moja kabla ya kuchapishwa Leipzig mwaka 1498. Martin Luther alisoma chapa ya Augsburg ya mwaka 1508 na kuandika maoni yake pembeni mwa kurasa. Mwaka 1521 aliandika kitabu cha kuzipinga nadhiri za utawa, akifika mahali ambapo Tauler hakufika wala kutaka kufika: Tauler alimpandisha fundi viatu hadi alipo mtawa, Luther akamwondoa mtawa. Mwaka 1529 baraza la Strasbourg lilipiga kura kuiondoa misa, na nyumba nyingi za kitawa za mji zikafungwa. Wayahudi walikuwa wameruhusiwa kurudi mwaka 1369, wakafukuzwa tena kabla karne ya 14 haijaisha. Hawakupata haki ya kukaa ndani ya mji mpaka Mapinduzi ya Ufaransa, baada ya miaka 400.